Siku Attracta Feely Aliponyamaza

Miaka ile, mtu wa Drumaveel akitaka kujua nani kapangwa kucheza Jumapili, hakuhangaika kumuuliza kocha. Kocha wetu, Bartley Cuffe, hata ukimuuliza saa alikuwa anakwambia ungoje kamati ikae. Mwenye akili zake alipanda baiskeli Jumamosi mchana, akapita barabara ya juu, na akifika kwa Attracta Feely alipunguza mwendo, akasoma kamba ya nguo.

Jezi kumi na tano zilikuwa pale, kuanzia ya golikipa upande wa mlango mpaka ya mshambuliaji wa mwisho upande wa zizi, zimepangwa vilevile watakavyosimama uwanjani. Kila moja tuliijua kwa viraka vyake. Aliyeachwa, jezi yake haikupanda kambani. Ilitupwa juu ya ua wa nyuma pamoja na matambara ya jikoni, na mama yake akiiona huko hakuwa na haja ya kuambiwa. Tumeona watu wazima wakipita hapo wanajifanya wanatazama ng'ombe, huku machozi yanawalengalenga.

Na Attracta alikuwa mbahili wa vibanio. Jezi mbili jirani alizibana bega kwa bega kwa kibanio kimoja, kwa hiyo timu nzima ilining'inia imeshikana kama watoto wanaovuka barabara. Nzima, isipokuwa pale katikati. Kati ya namba nane na namba tisa palikuwa na pengo la kupitisha mbwa, na kila jezi ina kibanio chake. Miaka sita pengo lile lilikaa pale na hakuna aliyeuliza, maana kila mtu alijua. Namba nane ni Ultan Feely, namba tisa ni mdogo wake, Malachy Feely. Tumbo moja, tumbo la Attracta mwenyewe, na walikuwa hawasemezani.

Lakini hao vichwa vigumu wangoje kidogo. Tuanze na mama yao, kwa sababu huwezi kuisimulia klabu ya Drumaveel ukamruka. Baba yake, Dominick Tansey, ndiye aliyeianzisha. Siku moja alitoka asubuhi kwenda mnadani na ndama wa kuuza, akarudi jioni na mpira wa ngozi. Mkewe akamuuliza ndama yuko wapi. "Huyu hapa," akasema, "na huyu hali nyasi." Vijana wakakusanyika kwenye shamba la mteremko kando ya mto, shamba ambalo hata kondoo walililalamikia, wakajifunza mpira wetu huu wa kudaka kwa mikono na kupiga kwa mguu. Jezi hawakuwa nazo. Mama yake Attracta akafumua magunia ya unga, akashona fulana kumi na tano, akazichemsha kwa rangi nyekundu ya dukani ndani ya lile sufuria kubwa la viazi vya nguruwe. Attracta alikuwa mtoto mdogo bado, na ndiye aliyekoroga kwa mti, mikono ikabaki myekundu mpaka mwalimu akamrudisha nyumbani akidhani ana ugonjwa.

Rangi yenyewe haikushika sawasawa. Badala ya nyekundu ikatoka damu ya mzee, na maandishi ya kinu cha unga mgongoni hayakutoka ng'o. Mechi ya kwanza, dhidi ya Kilbreen wa ng'ambo ya mto, mvua ikanyesha, maana kwetu ingefanya nini kingine, rangi ikachuruzika hadi kwenye soksi, na nahodha wetu akamaliza mchezo ameandikwa mgongoni UNGA SAFI. Kilbreen walicheka mpaka wakasahau kuongeza magoli. Tangu siku hiyo kwao sisi ni Magunia. "Magunia hao! Watieni hamira waumuke!" Damu ya mzee ikabaki kuwa rangi ya klabu, jina likabaki kutuchoma, na kombe la kaunti hatukuwahi kulishika hata kwa kuazima.

Attracta alipokua akaolewa na golikipa, Packie Feely, mtu mpole mwenye viganja kama sepetu. Kazi ya jezi ilimfuata kutoka kwa mama yake kama watu wengine wanavyorithi maumivu ya mgongo. Jumapili usiku alipokea gunia la matope, Jumamosi alitoa timu. Akazaa wavulana wawili. Ultan alikuwa mkubwa wa mwili, mzito wa kusema. Malachy alikuwa mwepesi wa miguu, mwepesi wa ulimi, na mwepesi wa kununa. Walipofika umri wa kucheza, wakasimamishwa pamoja pale katikati ya uwanja, namba nane na namba tisa, na kwa miaka michache tukaanza kuota ndoto. Mmoja alikuwa akiruka kudaka, mwenzake keshaanza kukimbia kuupokea, bila hata kutazamana.

Halafu ikaja ile nusu fainali. Tuko nyuma kwa pointi moja, dakika za mwisho, tumepata faulo mbele ya goli. Faulo zote za Drumaveel alipiga Ultan, hata mtoto wa kunyonya alijua hivyo. Sijui shetani gani alimwingia Malachy, akaunyakua mpira, akaupiga yeye. Ukapita mbali na mlingoti, ukavuka ukuta, ukaenda kwa ng'ombe. Tukatolewa. Kwenye kibanda cha kubadilishia nguo Ultan alisema maneno machache, kama kawaida yake: "Bora hata mbwa wetu angeupiga."

"Basi kuanzia leo pasi zako mpe huyo mbwa," akajibu Malachy.

Na ikawa ndiyo basi. Utaniambia, ugomvi wa faulo unaisha baada ya chupa mbili. Wewe humjui mtu wa Drumaveel. Hawa walilala chumba kimoja, wakakamua ng'ombe zizi moja, wakala meza moja, na neno halikupita.

"Mama, mwambie mwanao anisogezee chumvi."

"Ultan, ndugu yako anaomba chumvi."

"Mwambie mikono anayo."

"Malachy, anasema..."

"Nimesikia, Mama. Mimi si kiziwi."

Uwanjani mambo yalikuwa vilevile, tena ya aibu zaidi, kwa sababu mpira wetu bila kuitana hauchezeki. Unaruka umezungukwa na watu, huoni nyuma, lazima mwenzako akuite. Basi Attracta akawa anasimama ukingoni mwa uwanja, kitambaa kichwani, sauti kama ya baragumu. "Malachy! Kaka yako yuko huru kulia! Ultan, mtazame mdogo wako nyuma!" Akatembea nao juu na chini ya uwanja mchezo mzima, na viatu vyake vilichimba njia pembeni ya mstari. Kilbreen walifurahi sana. "Magunia wana wachezaji kumi na sita," walisema, "mmoja anavaa sketi." Lakini usicheke sana. Kwa sauti ya mama yule timu ilishinda mechi nyingi.

Watu walidhani anafanya vile kwa kupenda mpira. Aliupenda, ndiyo, lakini lilikuwepo jambo jingine ambalo hakumwambia mtu, na hata kwenye kitubio alilisema nusu. Packie alipougua kifua, majira ya baridi mawili baada ya ile faulo, alilala karibu na moto wa mboji, ule udongo wa kinamasi tunaoukausha kuwa kuni, akipungua siku hadi siku. Kila jioni alimuuliza mkewe swali moja. "Wameongea?" Kila jioni akajibiwa bado. Siku ya mwisho hakuwa na nguvu ya kuuliza, alimtazama tu. Na Attracta, ambaye hajawahi kumdanganya hata bei ya yai, akamwinamia akasema, "Wameongea, mume wangu. Leo asubuhi, zizini. Tena wamecheka." Packie akatabasamu mpaka macho yakafumba. Akafa na uongo ule kifuani kama zawadi.

Tangu hapo mama wa watu hakuwa na raha. Mwenyewe alijisemea, nimemzika mume wangu na jambo ambalo halijatokea. Lazima litokee.

Sasa, mwaka wa sabini na moja, mambo mawili yakafika pamoja. La kwanza, Drumaveel tukaingia fainali ya kaunti, na mpinzani ni nani kama si Kilbreen. La pili, Malachy akapata kazi ya barabara Uingereza. Tiketi ya meli alikuwa nayo mfukoni. Fainali ilikuwa Jumapili, na Jumatatu asubuhi basi la stesheni lingempitia njia panda. Sanduku lake lilikuwa limeshafungwa kamba, limesimama nyuma ya mlango, na kila Attracta alipofagia ilibidi alizunguke. Vijana wengi walishaondoka hivyo na tunajua wanavyorudi. Wengine walirudi ndani ya jeneza. Ndugu akivuka maji amenuna, huko aliko kununa kunakomaa.

Jumamosi ile, baada ya kuanika jezi na pengo lake, Attracta alipakua nyama ya nguruwe na kabichi na viazi, akakaa, akaweka kijiko chini.

"Nisikilizeni nyote wawili," alisema. "Miaka sita nimekuwa mdomo wenu. Leo nimeufunga. Mpaka mmoja wenu amwite mwenzake kwa jina lake, mimi ni bubu. Hapa mezani ni bubu, na kesho uwanjani ni bubu."

Malachy alicheka. "Mama, acha masihara. Kesho ni fainali."

Attracta akamenya kiazi.

"Mama? Ultan hasikii upande wangu bila wewe, unajua. Namaanisha, yeye... Mama, mwambie huyo akwambie kesho ni fainali!"

Attracta akatia siagi kwenye kiazi. Ultan alitazama sahani yake. Chumvi ilikuwa karibu na kiwiko chake, mbali na mkono wa Malachy, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na wa kutuma. Malachy akamgeukia mbwa chini ya meza. "Toss, mwambie huyo anipe chumvi." Toss alikuwa na shughuli ya kutazama nyama. Basi Malachy alikula viazi bila chumvi, anatafuna kama mtu anayekula adhabu, na Ultan naye hakujitilia, sijui kwa huruma, sijui kwa kiburi. Mama yao alijitilia vizuri tu, akala akashiba.

Jumapili kulikuwa na mvua nyembamba na upepo wa kutoka baharini. Parokia nzima ilihamia mjini, wengine kwa lori la maziwa, wengine kwa baiskeli, na mzee Lavelle kwa trekta. Kwenye uwanja wa kaunti Attracta alichukua nafasi yake ukingoni, lakini hakusimama. Alikaa kwenye kiti cha kukamulia ng'ombe alichokuja nacho, kitambaa kimefungwa chini ya kidevu, mikono mapajani. Watu wa Drumaveel wakatazamana.

Refa akaurusha mpira juu katikati. Ultan na Malachy walikuwa bega kwa bega, kila mmoja anatazama upande wake. Na tusidanganyane, kipindi cha kwanza kilikuwa msiba. Ultan alidaka, aah, alidaka vizuri, lakini akitua chini hajui ampe nani. Malachy alikuwa amekimbia peke yake mara tatu mahali patupu kabisa, anapunga mikono bila sauti kama mtu anayefukuza nyuki. Mara mbili waligombea mpira mmoja wakagongana wenyewe kwa wenyewe. Kilbreen walikuwa wakiupitisha juu ya mtambaa wa panya pointi baada ya pointi, wakaongeza na goli, na lenyewe kwetu linahesabiwa pointi tatu. "Magunia!" waliimba. "Magunia matupu hayasimami!"

Mapumziko yalipofika Bartley Cuffe alikuja mbio, kofia mkononi. "Attracta, dada yangu, nakuomba. Unaumwa koo? Nimekuletea asali." Attracta akaipokea asali, akailamba, akamrudishia chupa. "Basi piga kelele!" Attracta akatazama mawingu.

Akaja Padri Hession mwenyewe. "Binti yangu, Mungu alikupa sauti kwa sababu."

Attracta akamtazama kwa heshima na akafanya ishara ya msalaba.

Jirani yake, Delia Gormley, yeye hakubembeleza. Alimsimamia mbele akashika kiuno. "Sikiliza, we mwanamke! Mume wangu anangoja kombe hili tangu hajaota ndevu. Tukishindwa leo kwa ajili ya kiburi chako, usinipitie mlangoni tena. Na mayai yangu utanunua kwingine!"

Maneno yale yalimwingia Attracta. Usidhani alikuwa jiwe. Alijua vizuri kwamba wakishindwa watamsema yeye, na watamsema mpaka kaburini, na jiwe la kaburi tungeliwekea maneno: huyu ndiye aliyenyamaza. Alikuwa ameipenda timu ile tangu ikiwa ndani ya sufuria la viazi. Lakini alifikiria sanduku nyuma ya mlango, akafikiria macho ya Packie yakifumba. Kombe tungeweza kulitafuta mwaka mwingine. Jumatatu ilikuwa moja tu.

Kipindi cha pili vijana wetu walianza kuparamia mchezo kwa nguvu za hasira. Golikipa akaokoa mipira miwili iliyokuwa imeshaingia machoni petu. Malachy, aliyekuwa anachukiwa na upepo, mvua, mama na kaka, akacheza kama mwendawazimu, akapiga pointi mbili peke yake. Ultan akapiga faulo tatu na zote zikapita katikati. Kidogo kidogo tukawakaribia. Mara moja Attracta aliona dume la Kilbreen linamjia Malachy kwa nyuma, bega limeinamishwa, na mdomo ukafunguka wenyewe. Aliingiza ncha ya kitambaa kinywani akaiuma. Malachy akaanguka kifudifudi kwenye tope, akainuka, akatema nyasi. Mama yake alikuwa analia na kitambaa kinywani, na alikaa palepale kitini.

Refa akatazama saa yake. Tulikuwa nyuma kwa pointi mbili. Pointi moja isingetusaidia. Tulihitaji goli.

Golikipa wetu alipiga mpira mrefu. Malachy aliruka katikati ya watu watatu, sijui alipanda ngazi gani, akaudaka, akatua. Hao watatu wakamfunika. Akageuka huku, ukuta. Akageuka huku, ukuta. Na Ultan, ambaye kwa uzito wake wote alikuwa amekimbia uwanja mzima bila mtu kumwona, alikuwa amesimama peke yake mbele ya goli la Kilbreen, huru kama mtu aliye shambani kwake.

Akainua mkono. Malachy amempa mgongo, haoni. Basi Ultan akafanya alichozoea miaka sita, akageuza uso kumtazama mama yake ukingoni. Sisi sote tukageuka kumtazama. Drumaveel nzima pale uwanjani ilikuwa imemkodolea macho mwanamke mmoja kwenye kiti cha kukamulia. "Sema, Attracta!" Delia alipiga yowe. "Kwa ajili ya Mungu, sema!"

Attracta alimtazama mwanawe, akatikisa kichwa. Hapana.

Tuliona kifua cha Ultan kikijaa. Tuliona shingo ikivimba. Mtu yule, ambaye hata akikanyagwa na ng'ombe alikuwa anasema "hm", alitoa sauti ambayo nadhani ilifika Drumaveel kabla yetu.

"MALA! Mala, mdogo wangu! Niko hapa!"

Hakuna aliyekuwa amemwita Malachy jina lile tangu wakiwa watoto wa kuchunga bata. Malachy hakugeuka kutazama. Hakuhitaji. Aliupiga mpira kwa ngumi juu ya vichwa vya wale watatu, kinyumenyume, kule sauti ilikotoka, na Ultan akaupokea kifuani kama mtu anayempokea ndugu aliyerudi nyumbani. Golikipa wa Kilbreen akamtokea. Ultan akaupiga chini, kwenye kona, kwa mguu wa kushoto, na wavu ukatikisika mpaka maji ya mvua yakaruka.

Mwamuzi wa goli, kwenye koti lake jeupe, akaokota kibendera cha kijani akakipunga. Goli! Kilbreen walianzisha mpira upya na refa akapuliza filimbi ukiwa bado hewani. Pointi moja mbele. Jamani! Mabingwa wa kaunti, Drumaveel, Magunia!

Watu walivunja uzio. Bartley Cuffe alimbusu refa. Padri Hession alikuwa amembeba mzee Lavelle, au Lavelle alikuwa amembeba yeye, haikueleweka. Katikati ya uwanja ndugu wawili walikuwa wamesimama wanatazamana, wametapakaa tope.

"Umepiga kwa mguu wa kushoto," alisema Malachy hatimaye.

"Ndio uliokuwa karibu," alisema Ultan.

Malachy akamrukia shingoni, na lile jitu likamnyanyua juu likaanza kuzunguka naye huku likilia kwa sauti kama ndama aliyetengwa na mama yake. Attracta alisimama kutoka kwenye kiti chake, akakitema kitambaa. Siku nzima ya maneno ilikuwa imemjaa, na la kwanza kutoka lilikuwa hili:

"Kumbe mna midomo, wajinga nyie!"

Tulirudi nyumbani kwa kupitia Kilbreen makusudi. Njia fupi ilikuwepo, lakini ya nini? Timu ilishuka kwenye lori darajani, ikatembea kwa miguu, kombe mbele. Watu wa Kilbreen walikuwa wamesimama milangoni kwao, na mmoja, kwa mazoea, akaita, "Magunia!" Drumaveel nzima, akina mama, padri na watoto, ikamjibu kwa sauti moja, "Magunia hoyee!" na jina lililotuchoma miaka yote ile likageuka kuwa wimbo. Ng'ambo ya mto, kwenye mpaka wa parokia, wazee waliobaki walikuwa wameshawasha moto mkubwa wa mboji, kama inavyofanyiwa timu iliyoshinda. Kombe likajazwa. Delia Gormley ndiye aliyelibeba, akampelekea Attracta wa kwanza kabla ya nahodha.

"Kunywa," alisema, hamtazami usoni. "Na mayai yapo."

"Nilijua yapo," alisema Attracta, akanywa hadi akakohoa.

Padri Hession akapanda juu ya pipa atoe hotuba, akasema wahenga hawakukosea, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune. Mtu akapaza sauti kuwa yeye kikapu anacho lakini hakina chupa. Hotuba ikaishia hapo.

Jumatatu asubuhi jua lilitoka, jambo ambalo pia tulilihesabu kama ushindi. Attracta alikuwa ameamka mapema, amefua jezi zote, na alikuwa anaanika. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na ndani kulikuwa na kelele.

"Ile faulo upepo ulikuwa unatoka kushoto!"

"Upepo gani? Hapakuwa na upepo! Jani halikutikisika!"

"Wewe ulikuwa umesimama wapi ukaona majani?"

"Nilikuwa nimesimama pale nilipotakiwa kuwa nimesimama, naangalia mpira wangu unaibiwa na mwizi!"

"Mwizi! Ultan, umeniita mwizi?"

"Nimekuita Mala. Nipe chumvi."

"Mikono unayo!"

Maneno ya miaka sita yalikuwa yanamwagika kwa pamoja. Walianza na faulo, wakahamia kwenye baiskeli ya mwaka fulani, wakarudi kwenye faulo, na mara wakaangua kicheko wote wawili, halafu wakaanza tena. Kule njia panda basi la stesheni lilisimama. Dereva akapiga honi mara ya kwanza. Akapiga ya pili, ndefu. Attracta alilitazama, akatazama dirisha. Hakuna aliyesikia. Kama Malachy ni wa kwenda, angekwenda siku nyingine, na angekuwa na wa kumbebea sanduku. Basi likaondoka.

Alitoa namba nane kwenye beseni, akaikung'uta, akaitundika. Akachukua namba tisa. Mkono wake ulienda wenyewe kwenye mfuko wa vibanio kwa mazoea, ukakamata viwili. Kisha akarudisha kimoja. Akaleta bega la namba tisa juu ya bega la namba nane, akayabana pamoja.

"Packie," alisema, na alisema kwa sauti, maana siku hizo mbili alikuwa amegundua sauti yake ni ya thamani, "sasa si uongo tena."

Jikoni wakamwita, "Mama! Mama, njoo uamue! Upepo ulikuwepo au haukuwepo?"

"Ulizaneni!" aliwajibu Attracta, akainama kuchukua namba kumi.